Mfalme Aliyeshindwa Vita

Kijijini Nyarero

Mpenzi Emanueli,

Mvua imenyesha, mahindi yetu yanapendeza. Jana nilikwenda na baba kwenye banda la video kuangalia filamu ya mfalme aliyeshindwa vita. Alipomwoza binti yake kwa adui ili asiuawe, watu walimzomea, "Mzee, umeuza mtoto!" Baba hakuzomea. Aliinuka akatoka.

Nyumbani kuna ng'ombe wageni zizini. Nilipouliza, baba alijibu, "Ni wa rafiki yangu wa Kisaka, mwanangu. Namtunzia tu." Niliamini, maana kutunziana mifugo ni kawaida yetu. Lakini leo asubuhi nimemkuta akiwapiga chapa ya ukoo wetu. Ng'ombe wa kutunza hapigwi chapa. Wa mahari hupigwa.

Usisubiri likizo. Njoo na wazee wako.

Bado wako,
Waisiko