Nafasi ya Mama Kwenye Kambi ya Maporomoko

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumatatu ya sikukuu, baada ya kazi (karakana haikufungwa)

Mpendwa Dada Mkubwa,

Hujambo huko uliko? Mgongo wako unaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Waambie wanangu kwamba mama yao mdogo nimeona picha yao wamevaa makoti hadi puani, nikacheka peke yangu kazini mpaka wenzangu wakaniuliza kulikoni.

Mimi mzima, ila vidole vimechubuka kwa sindano. Msimu huu kila mtu anataka hema, na pale karakana hakuna pa kukanyaga kwa maturubai. Baba watoto hajambo, anakusalimu.

Mama naye mzima wa mwili. Tatizo ni macho. Ulipopiga simu mara ya mwisho sikukwambia kwa sababu alinikataza, alisema usije ukakosa usingizi bure. Ni presha ya macho, Dada. La kushoto limekwisha kwenda. La kulia anaona kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Alhamisi anapasuliwa, na daktari hakutuficha: upasuaji unaweza kuzuia lisizidi kuharibika, lakini kilichopotea hakirudi, na hata hicho cha kuzuia hakuna uhakika.

Tulipotoka kwa daktari, Mama alijifunga mkanda garini. Kisha akasema, "Kabla hawajanigusa, nataka kuuona msitu." Alimaanisha kule milima ya kusini, Baba alikokuwa bwana misitu, tulikozaliwa wewe na mimi. Unajua Mama haombi kitu. Nikamwambia, utauona, Mama, mwisho wa wiki hiihii.

Kumbe kupata pa kupiga hema si mchezo. Ilikuwa ile wikendi ndefu, na watu wote mjini walikuwa wamekumbuka kwamba kuna milima. Nilipiga simu huku nashona, simu nimeibana kwa bega. Kambi ya juu imefungwa, miti imeanguka njiani. Ile ya bondeni imechukuliwa na shule nzima. Ya tatu haina maji. Nyingine zote zimejaa, zimejaa, zimejaa. Mwishowe nikapata kambi ya maporomoko, nafasi moja tu imebaki. Karani akasema niithibitishe kesho yake asubuhi, ofisi ikifunguliwa.

Jioni ile tulikula pamoja, na kosa langu ni kufurahi mbele ya watu. Nilitangaza mezani. Mama akapiga makofi kama mtoto. Kaka yetu, Mheshimiwa, akauliza taratibu huku anachokonoa meno, "Kambi ipi hiyo? Inaombwa vipi?" Nami nikamweleza kila kitu. Hilo jina la Mheshimiwa ulimpa wewe, alipokuwa hawezi kwenda kuchota maji mpaka aitwe mara tatu. Sasa amekuwa mheshimiwa kweli, ana ofisi yenye zulia.

Asubuhi nilipopiga simu, karani akasema, "Imeshachukuliwa, dada. Lakini si ninyi wenyewe? Iliombwa jana usiku kwenye mtandao. Imeandikwa jina la marehemu mzee wenu."

Nilikaa chini, Dada. Nilikalia lundo la maturubai. Kisha nikampigia.

"Usikasirike," akasema. "Nampeleka mkurugenzi wangu, anapenda mambo ya msituni, na hii ni kazi, siyo starehe. Nimetumia jina la mzee kwa sababu kule wanalijua. Mama mpeleke mwezi ujao."

"Mwezi ujao huenda haoni."

"Sasa hivi kwani anaona? Ataona nini huko?"

Naliandika neno hilo kama alivyolisema, ili ulisome kwa macho yako mawili mazima.

Sikumtukana. Nilimwambia, "Haya kaka, safari njema." Wewe unanijua. Nikigomba, mambo ni madogo. Nikinyamaza, mtu aanze kujihurumia. Nilirudi kwenye cherehani nikashona hema la Mama kwa hasira mpaka sindano mbili zikavunjika, na kila nilipovuta uzi nilikuwa naona shingo ya Mheshimiwa.

Wakati navuta uzi ndipo nikajiuliza: nafasi imeandikwa jina la nani? La Baba. Na mimi jina langu la mwisho ni la nani?

Jumamosi tuliondoka alfajiri, Mama mbele, baba watoto kwenye usukani, mimi nyuma na mahema. Nilijua Mheshimiwa hataondoka kabla jua halijawa kali, maana lazima anyolewe kwanza. Getini tulimkuta askari wa misitu mwenye mvi, aliyewahi kuwa kuruta chini ya Baba. Akauliza, "Ninyi ndio wa jina hili?" Nikajibu ndiyo, nikamwonyesha kitambulisho. Sikusema uongo hata chembe. Akamchungulia Mama dirishani, akavua kofia. "Mama! Pita, pita, nafasi yenu ipo." Na ndiyo, aliyeilipia ni Mheshimiwa, na kati ya yote hilo ndilo lililonikolea zaidi.

Walifika mchana, magari mawili. Mheshimiwa alishuka amevaa kofia ya mwindaji na buti ambazo hazijawahi kukanyaga tope. Nilikuwa nimejiweka karibu na geti makusudi, najifanya naokota kuni.

"Familia imeshaingia," askari akamwambia.

"Familia gani?"

"Si yako?"

Aliponiona, uso ukamsawijika. Akanivuta pembeni. "Dada, unanifanyia nini mbele za watu? Toeni hema."

"Kamwambie Mama mwenyewe aondoke," nikasema, na sauti sikuipunguza.

Mkurugenzi, mama mmoja mfupi mwenye miwani, akageuka. "Mama yako yuko hapa?" Hakungoja jibu. Alikwenda moja kwa moja kumsalimu, akachuchumaa mbele ya kiti chake. Mama akamweleza habari za jicho na za Alhamisi. Mkurugenzi aliponiuliza imekuwaje nafasi moja ina wenyewe wawili, nilimweleza yote, pamoja na lile neno la "ataona nini huko". Chumvi sikutia, haikuhitajika. Mheshimiwa alikuwa amesimama palepale, anatazama buti zake.

Mkurugenzi akanywa chai na Mama mpaka kikombe kikaisha. Kisha akamwambia kaka yetu, kwa upole kabisa, "Mimi narudi mjini na wenzangu. Wewe baki na mzazi wako. Jumanne tutaonana ofisini." Ule upole, Dada! Mimi nisingeweza kumchapa vizuri kuliko vile.

Yeye hakukubali kushindwa haraka. Alipanda juu ya jiwe kutafuta mtandao, akapiga simu kambi zote, zilezile nilizopiga mimi. Kila alipoambiwa imejaa, mimi moyoni nilikuwa naitikia amina. Nafasi yetu inaruhusu mahema mawili tu, na yote yalikuwa na wenyewe. Alilala kwenye gari, getini, na mvua ikanyesha.

Jumapili ukungu ulipopanda, tulimpeleka Mama kwenye maporomoko. Alikuwa anageuza kichwa polepole, kipande kwa kipande, kama anayesoma. Aliuona mwerezi mkubwa ambao Baba alikuwa anauegemezea baiskeli. Akaugusa, akalia kidogo, akafuta machozi haraka ili yasimzibe. Mheshimiwa akaja na shati lililokunjamana, akaomba kumshika mkono njiani. Mama akampa. Mimi nilimpa kisogo, na bado nimempa. Usiniandikie habari za kusamehe, Dada, nakuomba. Angekuwa amenikosea mimi, ningekuwa nimeshasahau. Najua atakupigia, na atakuwa na machozi. Mwache alie, lakini asikudanganye.

Wakati wa kurudi nilidhani Mama amesinzia. Tulipofika lami akasema, "Mwanangu, asante. Nimeuona msitu." Akanigeukia. "Na uso wa kaka yako pale mkurugenzi alipokuwa anaondoka, nao nimeuona. Wote, mpaka masikio." Akacheka, Dada, akacheka mpaka baba watoto akasimamisha gari pembeni, naye akaanza kucheka.

Basi Alhamisi asubuhi mtukumbuke katika dua. Msalimie sana shemeji, wanangu wote, na yule jirani yako mpole anayekuletea maua. Mama anasema Mungu akulinde na baridi na akurudishe ukiwa na nyama mwilini.

Ni mimi mdogo wako akupendaye kuliko wanavyodhani wengine,

Fundi Mahema