Maji ya Jua, Kabati

Zahanati ya Uzazi, Kabati
9 Septemba 1986

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, isipokuwa tumbo, ambalo wewe unalijua: likiona jambo jipya huanza kunguruma. Natumaini goti lako limepata nafuu na mbuzi wanapata majani.

Jambo jipya ni mtambo wa kuchemsha maji kwa jua. Tumeletewa ili akina mama wanaojifungua hapa waoge maji moto bila mtu kutafuta kuni. Bwana Mwangangi, mkubwa wetu, amenikabidhi mimi, karani mgeni, kwa kuwa ndimi pekee niliyekisoma kitabu cha mtambo hadi mwisho. Niko kwenye majaribio mpaka Oktoba. Amesema mtambo ukiharibika, na mimi nitarudi Mukuyuni.

Fundi Musembi ameshaupandisha. Kwanza alikaza paa kwa mbao nene, maana tangi likijaa lina uzito wa fahali. Kisha akaliweka bamba la kioo likiangalia kaskazini, limefunikwa magunia mpaka maji yajae ndani. Likikaa juani bila maji, halafu likatiwa ya baridi, laweza kupasuka. Kila upepo ulipovuma nilitoka ofisini mbio kuyashika yale magunia. Wauguzi walicheka sana.

Njoo uone. Njoo pia unitulize.

Mwanao,
Mulei

Mukuyuni
20 Septemba 1986

Mwanangu Mulei,

Barua yako nimeipata nikiwa salama. Goti limekataa kupona lakini linakusalimu. Tumbo lako nalo halijambo? Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mwalimu wa gumbaru, darasa letu la watu wazima, anasema mwandiko wangu unasomeka kuliko wa chifu.

Kuogopa hukuanza leo. Ulipokuwa mdogo ulimkimbia jogoo wa jirani yetu Nzioka, na jogoo yule alikuwa na jicho moja. Nilikuambia: mwendee upande asioona. Siku ulipojaribu, ulimkamata ukamleta kwapani, mkilia wewe na yeye. Basi hata huo mtambo una upande wake wa kuendewa.

Nitakuja Jumamosi ya kwanza ya Oktoba na mbaazi. Mwambie mkubwa wako nataka kuoga.

Shangazi yako,
Kalunde

Zahanati ya Uzazi, Kabati
13 Oktoba 1986

Shangazi mpendwa,

Hujambo, na safari ya kurudi ilikuwaje? Mbaazi zimekwisha. Kaa chini ndipo usome.

Kuna bomba jembamba nyuma ya ukuta ambalo sikukuonyesha ulipokuwa hapa, kwa sababu hudondosha maji, nami nilijua utanikemea. Lakini ndiyo kazi yake. Maji yakipata moto huvimba, nayo lazima yapate pa kutokea. Pakizibwa, tangi laweza kupasuka.

Siku moja tu baada ya wewe kupanda basi, jua likiwa kali, tangi lilianza kunguruma kuliko tumbo langu. Nilizunguka nyuma, nikakuta bomba limezibwa kwa gunzi la mahindi, limegongwa kwa jiwe likashika.

Mkono wangu ulitaka kulichomoa. Nikakumbuka kitabu: usisimame mbele ya maji moto yaliyofungiwa. Nikakumbuka na jogoo. Nikapanda ngazi, mimi Mulei, na mablanketi ya wodi, nikafunika kioo chote ili jua lisiendelee kuchemsha. Kisha nikasimama mlangoni pa wodi nikapaza sauti: "Kila mwenye beseni aje aoge. Sasa hivi."

Muuguzi Ndululu alinitazama. "Karani, umeugua?"

"Fungulieni maji moto yote. Mchanganye na baridi, yanaunguza."

Anab, mke wa Abdow mwuza mbuzi, alikuwa amejifungua alfajiri. Akasema, "Mimi nilidhani karani ni wa kuandika majina tu. Kumbe anaogesha." Akaoga yeye, mtoto akaoga, wodi nzima ikaoga, na waliokuja kuwaona wagonjwa wakaoga. Mzee Muli, mlinzi wetu, alipotoka bafuni tulimuuliza yeye ni nani na anamtafuta nani.

Wakati huo Bwana Mwangangi akaingia na wageni kutoka Kitui mjini. Watoto wanang'aa, akina mama wanaimba nyimbo za kanisa, mvuke unatoka dirishani. Mgeni mmoja akauliza kama huwa hivi kila siku. Nikafungua mdomo, Ndululu akanitangulia: "Leo ni siku ya kawaida tu."

Tangi lilipopoa nilisimama pembeni nikalichomoa lile gunzi. Bwana Mwangangi nilimweleza yote kesho yake. Akacheka, akatia sahihi. Nimethibitishwa kazini, Shangazi.

Ila aliyeziba sijamjua. Namshuku Mzee Muli. Ameapa si yeye.

Mwanao,
Mulei

Mukuyuni
21 Oktoba 1986

Mwanangu Mulei,

Sisi hapa wazima, na baada ya barua yako tumekuwa wazima zaidi. Nimeisoma kwa sauti sokoni.

Mwombe radhi mzee wa watu. Gunzi ni langu. Ni la yale mahindi niliyochoma nikingoja basi. Nilizunguka nyuma nikaona maji yanadondoka chini, na hakuna anayeshtuka. Mimi niliyechimba mchanga wa mto tangu usichana ili nipate kibuyu kimoja cha maji, niyapite hivi hivi? Nikasema, huyu mtoto anaogopa hata kumwambia fundi bomba lake linavuja, acha nimsaidie. Ulinionyesha kioo, tangi na magunia. Ungenionyesha na bomba, ningekukemea kidogo, tungemaliza.

Na bado nakukemea. Weka pipa hapo chini.

Shangazi yako,
Kalunde

Zahanati ya Uzazi, Kabati
2 Novemba 1986

Shangazi mpendwa,

Salamu. Tumbo ni zima kabisa. Mzee Muli amekusamehe, kwa masharti ya mbaazi.

Pipa liko, na mdomo wa bomba uko juu yake bila kuguswa na maji. Yanayodondoka tunayaacha yapoe, tunamwagilia mchicha wa wodi. Ukija Desemba kuoga, utakuta nimetundika kibao ukutani, na kila anayepita hukisoma na kuuliza huyo ni nani:

BOMBA HILI LINAPUMUA. LISIZIBWE NA MTU YEYOTE, HATA SHANGAZI.

Mwanao,
Mulei