Jalada la Bi Minza

Mjukuu wangu Kabula,

Barua yako imefika. Sisi huku Shinyanga tu wazima, ila babu yako goti linamsumbua. Unauliza kama ndugu wa damu anaweza kuonyeshwa jalada la mtu hapo ustawi wa jamii ulipoajiriwa.

Miaka ya sabini nilikuwa karani wa ofisi kama hiyo. Tulimhamisha bibi mmoja, Minza, ambaye kijijini kwao walimwita mchawi kwa sababu ya macho mekundu, wakataka kumuua. Jalada lake lilionyesha yuko Chato kwa binti yake.

Siku moja akaja mtoto wa dada yake, kijana mpole, amebeba kitenge kipya.

"Shikamoo, mama. Namtafuta mama mdogo Minza. Tumemkumbuka."

"Marahaba," nikaitika, nikalivuta jalada. Nilikuwa karibu kumwambia.

"Hapo anapokaa," akauliza, "analala na nani?"

Nikalifunga jalada. Hakuwa ameuliza hata kama ni mzima.

"Habari za watu hatutoi."

Akatabasamu. "Sawa, Mama Masanja. Kwako napajua, pale karibu na kisima."

Mkuu wangu alilifungia jalada kabatini. Mimi nilitembea mwezi mzima nikigeuka nyuma, na babu yako sikumwambia kitu.

Bi Minza alikufa kwa uzee, miaka mingi baadaye, kwa bintiye. Yule kijana simwogopi tena. Ninachoogopa mpaka leo ni kwamba neno "Chato" lilikuwa limeshanifika mdomoni.

Nakuombea kila siku,
Bibi yako