Majina ya Walioitwa Kazini

Wazo, Dar es Salaam
9 Agosti 2024

Kwako Bupe,

Pokea salamu zangu, na kabla ya lolote niulize hali yako. Ule mgongo uliokusumbua tangu ulipokuwa ukimwinua mama yako kitandani umeachia? Dada yako Jenipher na watoto wake pacha hawajambo? Huku sie tunaamka na tunalala, tunamshukuru Mungu. Baba kifua hakijatulia, lakini anatembea mwenyewe mpaka msikitini na kurudi. Vumbi la kiwanda cha saruji ni lilelile, nguo ukizianika asubuhi, mchana zimeshapauka.

Najua umeshangaa kuona karatasi wakati namba yako ninayo. Nimeishika simu mara tatu wiki hii nikairudisha mezani. Kwenye simu sauti yangu ingetafuta namna ya kulilainisha jambo, nawe ungeanza kunituliza kabla sijamaliza, maana ndivyo ulivyo. Barua utaisoma mpaka mwisho bila mie kukukatiza. Nimempa mwalimu Bernadeta, jirani yetu, anayekuja huko Tukuyu kwenye harusi ya mdogo wake. Ameahidi kukukabidhi mkononi, si kumwachia mtu.

Ujumbe wako niliupata. Umesema wakala amekutafutia kazi Muscat, kumtunza mzee mmoja asiyeweza kutembea, na kwamba pasi yako ataichukua tarehe ishirini. Umesema zile sare zako mbili nyeupe umempa binti wa kanisani kwenu anayeanza chuo, kwa kuwa umekubali kwamba uuguzi haukuwa fungu lako. Halafu ukaniomba ushauri, ukasema tangu mama aondoke mie ndiye niliyebaki wa kukwambia ukweli. Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi, Bupe. Ndiyo yaliyonikalisha chini.

Niruhusu nianzie mbali. Si kwamba umesahau, ila nikianzia katikati nitaruka yanayoniuma.

Miaka miwili tulijitolea pamoja wodi ya wazazi kule Temeke. Ulikaa kwetu kama mtoto wa nyumbani, baba akakuchongea kile kigoda ulichokuwa ukikalia ukisuka nywele, na wageni walipouliza alisema ana mabinti wawili. Tulikuwa wengi mno pale wodini. Kila mwaka vyuo vilileta wengine, na siku nyingine watu wanne tulimzunguka mgonjwa mmoja huku tukigombea nani apime presha. Wakati huohuo Ansbert wa darasa letu alipangiwa Nkasi, akakuta zahanati ya vijiji vinne ina muuguzi mmoja anayekaribia kustaafu. Naima alipelekwa Uvinza, akatusimulia kwamba yeye ndiye anayezalisha, anayechoma chanjo, anayegawa dawa na anayefagia. Kule wanalia hawana watu, huku sie tumejazana mpaka glavu tunapimiana. Wewe ulikuwa ukisema uko radhi kupangiwa popote, hata mwisho wa nchi, ilimradi ni kazi. Mie nilikuwa naomba Dar tu. Mama yangu alishafariki, kaka yangu Mudathir yuko Newala na mambo yake, na baba miaka arobaini ya kuchonga mpingo imemjazia vumbi kifuani. Nikiondoka nani atamshika?

Tukafanya usaili wa kuandika, tukapita wote. Tukafanya wa mahojiano. Nakumbuka ulitoka mle chumbani ukiwa mtulivu, ukaniambia wamekuuliza kuhusu mama anayevuja damu baada ya kujifungua, na jioni ile ukanionyesha kwenye mto wa kulalia namna ulivyowajibu: ngumi iwekwe wapi, mkono wa juu ukandamize vipi, na kwamba kosa la wengi ni kuachia mapema. Baba alikuwa pembeni, akacheka, akasema huo mto umepona.

Wiki iliyofuata ndipo mama yako alipopooza upande mmoja. Uliondoka na begi moja. Simu yako kubwa ilikuwa mbovu, ukawa na kitochi tu, na mtandao kwenu mpaka upande kule juu kanisani. Ulichana karatasi ya daftari ukaniandikia nywila ya akaunti yako ya maombi ya kazi. Ukaniambia niwe nakuangalizia.

Majina ya walioitwa kazini yalitoka siku ya Jumatano. Jumapili ukapanda kanisani ukanipigia, ukauliza vipi. Nikakwambia yametoka, hatumo. Ukanipa pole mie. Ukasema tusikate tamaa, zitatangazwa nyingine.

Miezi miwili baadaye niliitwa. Nilikwambia kwamba kuna watu hawakuripoti, hivyo wamechukua waliofaulu wakakosa nafasi, na kwamba nimepangiwa zahanati ya serikali hukuhuku, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani. Ulipiga vigelegele kwenye simu mpaka nikasikia watu wa kanisani wakiuliza kuna nini. Ukaniambia mama, ambaye maneno yalikuwa hayamtoki vizuri, ameniombea kwa jina. Kisha ukatuma parachichi kiroba kizima na basi.

Mama alifariki mwezi wa tano baada ya hapo. Sikuja kwenye msiba. Nilikwambia nimenyimwa ruhusa. Bupe, sikuomba ruhusa. Nilijua nikisimama mbele ya jeneza lile sitaweza kusimama wima.

Sasa nikwambie kilichotokea mwezi uliopita. Adhuhuri moja aliletwa mama mmoja anayeuza samaki Kunduchi, anaitwa Recho, uchungu umeshamshika sana. Alijifungua mtoto wa kike salama na kondo likatoka. Tukadhani tumemaliza. Kisha damu ikaanza, na haikuwa ya kawaida. Sindano ikachomwa, tumbo likakandwa, wapi. Msimamizi wetu, Sista Demetria, alikuwa kwenye simu akitafuta gari la wagonjwa. Niliganda, sikufichi. Halafu nikaona mkono wako kwenye ule mto. Nikafanya vile vile, nikakandamiza, na kila mkono ulipotaka kuachia nilisikia ukisema kosa ni kuachia mapema. Gari lilipofika damu ilikuwa imepungua na Recho alikuwa anajibu akiulizwa. Alipona. Siku ya tatu Sista Demetria alinisifu mbele ya wenzangu, akauliza nani alinifundisha vizuri namna ile. Nikasema chuoni.

Nikatoka nikaenda kukaa kwenye chumba cha chanjo.

Bupe, jina lako lilikuwemo.

Jumatano ile nilifungua akaunti yangu kwanza, nikakuta sikupangiwa. Nikafungua yako. Barua ya kuitwa kazini ilikuwepo, ina jina lako kamili, Bupe Anyelwisye Mwaisumo, na kituo ni hiki hiki ninachofanyia kazi leo. Wewe uliyekuwa radhi kwenda popote walikupa mlango wa kwetu, na mie niliyeomba mlango huo hawakunipa kitu. Ulikuwa na siku kumi na nne za kuripoti. Nilikuwa namenya mihogo. Niliweka simu chini nikaendelea kumenya. Sikuwa na hasira nawe hata kidogo, ningekuwa nayo labda ningejielewa. Nilikuwa na ubaridi tu. Nikasema nitampigia jioni. Jioni nikasema kesho. Uliponipigia wewe mwenyewe siku ya Jumapili bado kulikuwa na siku kumi, na mdomo wangu ukasema hatumo. Ningeweza kusema simo, nikaishia hapo. Nilisema hatumo.

Siku zile kumi nilizihesabu moja moja. Kila asubuhi niliamka nikijua naweza kupiga simu kwa kijana mmoja wa kanisani kwenu akakuite, na kila asubuhi sikupiga. Siku zilipokwisha sikujua kwamba nafasi itanirudia mie. Nakuapia hilo, ingawa halinipunguzii kitu. Niliporipoti, Sista Demetria aliniambia walikuwa wakimsubiri mwenzangu mmoja wa Tukuyu ambaye hakutokea, akasema vijana wa siku hizi wanachagua kazi. Nilitia saini kwenye kitabu.

Na kuna hili ambalo usiku na mchana haliniachi. Kazi hii ina bima, na bima inabeba wazazi. Kadi ile ndiyo anayokwenda nayo baba kliniki ya kifua kila mwezi. Mama yako alilala nyumbani kwa sababu mlishindwa gharama za mazoezi ya viungo na dawa. Siwezi kusema angepona, mie ni muuguzi na wewe ni muuguzi, tunajua kiharusi kilivyo. Lakini angehudumiwa. Haki hiyo ilikuwa yake kupitia kwako, nikampelekea baba yangu.

Ujumbe wako ulipofika nilimweleza baba yote. Alikuwa amekaa barazani anasugua kinyago kwa msasa. Hakuniangalia. Aliuliza jambo moja tu.

"Bupe anajua?"

Nikasema hapana.

"Basi bado hujasema," akanijibu, akaendelea kusugua.

Tangu siku hiyo ile kadi ameiweka juu ya kabati na kliniki hajaenda. Nimembembeleza, haniangalii. Nakuandikia hili si ili umhurumie baba ukanisamehe mie kwa ajili yake. Nakuandikia kwa sababu nimeahidi sitaruka kitu.

Jumanne nilikwenda kwa afisa utumishi, bwana mmoja anaitwa Theonest, mtu mpole asiyekuwa na haraka. Nilimwambia nataka kuachia nafasi arudishiwe mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Akasema ajira ya serikali mtu hawezi kumpa mwenziwe, nikiacha itapelekwa kwa mwingine kabisa. Lakini kwenye kumbukumbu wewe umeandikwa mtu aliyeitwa akadharau, na hilo linaweza kukuharibia maombi yako ya mbele, hivyo likisahihishwa kwa maandishi litakusaidia. Akanionya kwamba maandishi hayo yataonyesha nimeingia kwenye akaunti ya mtu nikamficha taarifa zake, na kwamba yeye akishayapokea hawezi kuyaweka mvunguni. Akaniambia nirudi nyumbani nikafikirie. Nikamwomba karatasi nikaandika palepale. Nakala yenye muhuri imo kwenye bahasha hii pamoja na barua yako ya kuitwa kazini niliyoichapisha. Sista Demetria naye nimemwambia, na nimemwambia pia nani alinifundisha lile la Recho. Hajanisemesha tangu hapo zaidi ya mambo ya kazi. Watakachoamua juu yangu sijui. Nikiitwa nitakwenda.

Nafasi mpya zimetangazwa, mwisho wa kuomba ni tarehe thelathini. Nyingi ni za pembezoni, Rukwa, Katavi, Kigoma, kulekule ambako Ansbert na Naima wanalia hawana wa kupokezana naye. Nywila yako nimeibadilisha, mpya nimeiandika nyuma ya nakala, nawe uibadilishe tena ukishaingia ili nisiijue.

Uliniomba ushauri kuhusu Muscat. Mie sina tena haki ya kukushauri. Ninachoweza ni kukupa kile nilichokunyima, uamue ukiwa unakijua. Wewe hukushindwa. Ulifaulu, tena alama zako zilikuwa juu ya zangu, zipo kwenye ile barua ya kuitwa kazini, zisome. Kama utapanda ndege, panda, lakini usiende kwa sababu ulikubali kwamba hukuwa na kichwa cha kazi hii. Kuna mwanamke Kunduchi ameshaanza kutoka na beseni lake la samaki, na mtoto mgongoni, na mwenye mkono uliomponya ni wewe.

Sikuombi msamaha katika barua hii. Nikiuomba utahisi unadaiwa jibu, na wewe hudaiwi kitu na mtu wa nyumba hii. Ukikaa kimya nitaelewa. Ukinipigia ukanitukana nitasikiliza. Ukimsimulia kila mtu wa darasa letu, ni haki yako, mimi sitakana.

Msalimie Jenipher na pacha. Mkipita makaburini, naomba mtu amwambie mama yako, asiwe wewe kama hutaki, kwamba yule aliyemwombea kwa jina ameyasema. Baba anakusalimu. Amesema nikuandikie hivi, kwamba mabinti wake bado ni wawili, na aliyekosea ni wa kumzaa.

Ni mimi niliyekuficha,

Hamisa