Asubuhi Mliyoacha Dagaa Walowe

Dada yangu Mwajuma,

Wewe umelala Mwamgongo, nami niko kitandani hapa Ujiji nikingoja zamu yangu. Kabla haijafika, nataka kukiri jambo ambalo kiburi cha mdogo wa kiume kilinizuia kukuambia ukiwa hai.

Unakumbuka miaka ile wakimbizi walipokuwa wakishuka kwa mitumbwi, na watoto wao wakaketi sakafuni darasani pamoja na wenu? Mimi nilikuwa afisa elimu, wewe ukianika dagaa. Halmashauri ilitenga fedha za kujenga madarasa katika kijiji kimoja tu, na kamati ikaja kwa boti kuona kama watoto wenu wanasoma kweli. Ingekuta darasa tupu, fedha zingekwenda Kidahwe, kule barabarani. Na ziara iliangukia siku za giza, mwezi ukiwa haupo, dagaa wakivuliwa kwa wingi na watoto wote wakihitajika ufukweni.

Tulipofika, ufukweni walikuwepo kina mama peke yao. Watoto walijaa darasani hadi madirishani.

"Hawa wote ni wa hapa?" mwenyekiti aliuliza.

"Wamelala hapa, wameamka hapa," ulimjibu. "Au mheshimiwa anataka waliolala kwake?"

Wenzako waliotufuata hadi darasani wakacheka. Kisha radi ikapiga milimani. Huko kwenu mvua ikija watoto hukimbia kuanua, na niliwaona wakigeuza shingo. Ulisimama mlangoni, kanga kiunoni. "Kaeni," ulisema polepole. Hakuinuka hata mmoja. Kina mama waliokoa walichoweza, dagaa wengine wakalowa.

Dada, nimesoma hadi chuo kikuu, nimeketi katika vikao vingi vya bajeti. Sijaona kitu kilichonitetemesha kama mgongo wako ule, umeugeuzia ufuko wenye mali yako yote.

Madarasa yalijengwa. Nyinyi mkala ugali wa muhogo kwa chumvi. Nilipokuuliza kama unajuta, ulinitazama kama unayemtazama mjinga.

"Giza lijalo tutavua tena, Hamisi. Mtoto akishaota ndevu, utamrudisha la tatu?"

Nilicheka ili usiyaone macho yangu. Hilo ndilo nililokuficha: siku ile nilikuonea fahari hadi nikakuogopa.

Nimewaomba wanangu wanipeleke kwa boti, nizikwe huko nyuma ya madarasa, ulipo. Sogea kidogo, nipate nafasi.

Mdogo wako,
Hamisi