Mvua ya Ngong, Jua la Kitengela

Jumamosi. Kitengela imeshinda na jua, nguo zilikauka kabla ya saa sita. Sasa ni jioni na mikono yangu bado ina baridi, ingawa hakuna baridi.

Wanaonisoma hapa wanajua naandika kwa sababu kuongea kunanishinda. Tangu nimalize kidato cha nne niko tu nyumbani, na nikitumwa kwa mtu nisiyemzoea napita mlango wake mara mbili kabla ya kubisha. Salamu ninayoipenda ni ile ya upande wa baba: unainamisha kichwa, mkubwa anakigusa, basi. Huhitaji kusema neno.

Simu haina mahali pa kuinamisha kichwa.

Leo baada ya kula nilifungua picha za setilaiti, kama kawaida yangu. Mwalimu wetu wa jiografia ndiye aliyetufundisha kuzisoma. Alisema setilaiti haioni mvua yenyewe. Inaona vilele vya mawingu na kupima ubaridi wake. Wingu likipanda juu sana huwa baridi sana, na kwenye picha hupakwa rangi nyekundu. Ukiona doa jekundu linavimba upesi kutoka picha moja hadi nyingine, ujue radi na mvua kubwa zinajengeka.

Doa lilikuwa juu ya milima ya Ngong. Picha iliyofuata, lilikuwa limeimeza Matasia, chini ya milima hiyo.

Hapa kwetu anga lilikuwa jeupe. Lakini mto unaopita nyuma ya malisho yetu unaanzia huko. Kiangazi huwa mchanga mtupu, na baba mdogo, ndugu yake baba, hupumzisha kondoo humo jua likiwa kali. Ukingo una kivuli, na ukichimba mchanga unapata maji ya kuwanywesha. Wachungaji wote wa huku hufanya hivyo. Wanaangalia juu, hawaoni wingu, wanalala.

Niliogopa kukosea. Juzi nilimwambia mama aanue nguo na hata tone halikuanguka; tangu hapo ananiita Bi. Mawingu. Na baba mdogo hasomi ujumbe. Ilibidi nipige.

"Nani amekufa?" aliuliza, hata kabla ya salamu.

"Hakuna, baba mdogo. Toa kondoo mtoni. Ngong kuna mvua kubwa."

"Kwani wewe uko Ngong?"

"Niko nyumbani. Naiona kwa simu."

Alicheka. "Nasieku, hapa hata wingu la kufunika kondoo mmoja hakuna."

Nikasema tafadhali, na sauti ikanikatikia katikati ya neno. Halafu nikasikia mluzi wake, na kengele za kondoo zikianza kutembea.

Nilikaa na simu mkononi. Kwanza niliomba nisiwe nimemsumbua bure. Kisha nikaomba niwe nimemsumbua bure.

Maji yalikuja jua likiwa bado linawaka. Anasema yalinguruma kama lori, rangi ya kahawia, yamebeba miti mizima. Yalichukua karai lake la kunyweshea na jerikeni.

Kondoo wote walikuwa juu ya ukingo. Na yeye pia.

Jioni amepitia hapa. Niliinamisha kichwa, na mkono wake ukakaa pale muda mrefu kuliko kawaida. Mama akamwuliza kama sasa anaamini mambo ya setilaiti.

"Hiyo setilaiti siijui," alisema. "Lakini huyu hajanipigia simu tangu azaliwe. Nikajua hawezi kuanza na mchezo."

Mama alicheka mpaka akaketi. Mimi nilienda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mwalimu wangu, ambaye nilikaa nyuma ya darasa lake miaka yote bila kuinua mkono. Na aibu yangu, ambayo nimeiombea iondoke kila Jumapili, leo ndiyo iliyoaminiwa. Sijui nifanye nini na jambo hilo.

Ila kuna swali linanisumbua. Nikizoea kumpigia, ataniamini kwa sababu gani siku nyingine?

Nafikiri nimepata jibu. Kesho atapita akienda kutafuta karai lingine. Nitamwonyesha lile doa, lilipoanzia na jinsi lilivyokua, mpaka aweze kulisoma mwenyewe. Na nitaanza kuongea kabla sijainamisha kichwa.