Keki ya Mama wa Ubatizo

Mtaa wa Körös, nyumba ya geti la kijani,
Szarvas, Hungaria.
23 Juni 1996

Mpendwa shemeji Jolán,

Salamu nyingi kutoka nyumbani kwenu. Hujambo wewe, na Ferenc mumeo hajambo? Goti lake limepoa, au bado linatabiri mvua? Nasikia huko Melbourne sasa ni baridi. Sisi huku tunachemka, na cheri zimeiva mpaka ndege wameshiba wamezisusa. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, na huo tumeshazoeana.

Najua umeuona mwandiko kwenye bahasha ukashtuka. Tangu uondoke, barua za nyumba hii anaandika dada yako, na kazi yangu ni kulamba stempu. Tulia, shemeji. Etelka yu hai, anakula, na ananigombeza kama kawaida. Ila kuna jambo alilokuwa amenikataza kukuambia tangu majira ya baridi, na juzi ameniruhusu mwenyewe.

Mikono yake inatetemeka. Ulianza mkono wa kulia, kikombe kikawa kinagonga kisahani, tukacheka. Sasa ni yote miwili. Daktari anasema ni ugonjwa wa neva, ambao dawa huutuliza tu, haziuondoi. Kwenye simu unamsikia ni yuleyule kwa sababu sauti yake haijaguswa. Kalamu ndiyo iliyomshinda, akaona afadhali usipate barua kuliko upate barua iliyopinda. Usimkasirikie.

Sasa nije kwa Boróka. Yule binti wa ubatizo wa dada yako, uliyemwacha na nepi, ameolewa Jumamosi iliyopita na kijana fundi umeme kutoka ng'ambo ya mto. Na wewe unaijua desturi: dobos ya harusi, ile keki ya chokoleti yenye kofia ya sukari ngumu, huletwa na mama wa ubatizo, ameipika jikoni kwake, na huibeba kwa miguu mtaa mzima chini ya kitambaa cha kutarizi huku kila pazia likimchungulia. Gauni jipya alikuwa ameshalitundika nyuma ya mlango. Wiki ile ya harusi nikakuta amelirudisha kabatini.

"Siendi," akaniambia. "Utasema nimelazwa."

"Tutanunua keki, basi."

"Niingie na keki ya duka kwenye harusi ya Boróka? Heri nilazwe kweli!"

Hakuwa anatania, shemeji. Alikaa kitandani ameificha mikono chini ya aproni, na mimi nikaona kwamba asipokwenda kwenye harusi hii, hatatoka tena kwenda popote. Nikasema basi nitapika mimi. Akanitazama kana kwamba trekta limeomba kucheza dansi.

"Wewe? Chai yenyewe unaiunguza!"

"Wewe kaa kwenye kiti utoe amri. Si ndiyo kazi yako tangu tuoane?"

Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Pasaka.

Sasa nisikilize vizuri, maana tangu siku ile sijatulia. Nimeila keki hiyo maisha yangu yote ya ndoa, nikidhani ni keki moja nene inayopasuliwa kwa kisu ipakwe chokoleti. Miaka yote nimetengeneza matrekta ya ushirika, nikijiona ndiye fundi wa nyumba hii! Kumbe kila tabaka huokwa peke yake, juu ya mgongo wa sinia lililogeuzwa, na rojo lenyewe hutandazwa jembamba kiasi kwamba unaona chuma chini yake. Ukipumzika kupiga chafya, limeungua. La kwanza lilitoka limechanika kama soksi yangu. Etelka akalikunja, akalila, akasema la kwanza ni la mpishi tangu enzi za mama yenu.

Kabla ya hapo tulipiga ute wa mayai. Nilikuwa nimeinama juu ya bakuli, nikisubiri niambiwe. Yeye alikuwa amekaa kule dirishani, kanipa mgongo, anaangaza macho mtaani. "Bado," anasema. "Bado. Haya, acha." Hakugeuka hata mara moja. Alikuwa anausikia! Nikainua kipigio na ule ute ukasimama wima. Injini naweza kuisikia ikiumwa nikiwa barabarani, lakini sikujua kwamba na yai lina sauti.

Na ile krimu, shemeji. Mayai na sukari juu ya mvuke, kisha chokoleti nyeusi inayeyuka humo taratibu, kisha inaachwa ipoe, kisha siagi kidogo kidogo. Kuna mahali iligawanyika, ikawa kama maziwa yaliyoganda vibaya, nikajua nimeiua. Etelka akasema, "Usiache kupiga. Inakuogopesha tu." Nikapiga. Ikarudi mbele ya macho yangu, ikawa laini, inang'aa, nzito, harufu yake ikajaa nyumba mpaka jirani Ilus akauliza kupitia uzio kama tumerithi. Nilisimama na mwiko mkononi na machozi yananilengalenga, mzee mzima, kwa ajili ya krimu. Sioni aibu kukuandikia hivyo.

Matabaka yalipokamilika aliniamuru nioke moja zaidi. Nikalalamika. Akasema, "La saba ni la mjinga. Mama ndivyo alivyosema." Muda si mrefu nikamjua mjinga.

Maana ilibaki sukari. Tukatenga tabaka zuri kuliko yote juu ya ubao, liwe la juu, la kukatwa pembe pembe sukari ikiwa bado laini, nikayeyusha sukari kavu kwenye kikaango mpaka ikawa rangi ya asali ya mshita, nikaimwaga, nikaitandaza. Ikatulia pale juu kama kioo. Nikasimama kujisifu.

"Kata!" Etelka akapiga kelele. "Kata, we mzee! Unangoja padre aje kuibariki?"

Wahenga waliosema haraka haina baraka hawakuwahi kuikata sukari hii. Nilipopaka kisu siagi na kukishusha, ikapasuka kama dirisha lililopigwa mpira, na tabaka zima likaenda nayo. Nikasimama nimeshika kisu. Etelka hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Alitazama mlango wa kabati lenye gauni, kisha akatazama lile la saba, maana lilikuwa la mwisho na unga ulikuwa umekwisha.

Nikayeyusha sukari tena. Safari hii mikono iliyotetemeka ilikuwa yangu. Nilipoanza kumwaga nikasikia kiti kimesogea, na mara yuko nyuma yangu. Nikatandaza, nikashika kisu, na mkono wake ukaja juu ya mkono wangu.

Mwanzo nilihisi ukitetemeka, kama ndege ukimshika. Nikaukaza wangu chini yake. Kisha akasukuma. "Sasa," akasema. Kisu kikashuka. "Geuza ubao. Sasa. Siagi. Sasa. Usifikiri, Gáspár. Sasa." Mimi sikuona mstari wowote, shemeji. Nguvu zilikuwa zangu na njia alikuwa anaijua yeye, na sukari bado laini chini ya kisu, inafuka, inatii. Mstari wa mwisho ulipita, na papo hapo tukaisikia ikikakamaa, tik, tik, ubao mzima. Tulibaki tumesimama na kisu, hakuna aliyekiachia.

Ndipo akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulijua. "Mimi na Jolán tulikuwa tunafanya hivi. Mmoja anamwaga, mwenziwe anakata. Alipoondoka nilijifunza kufanya yote mawili peke yangu, nikawa navunja vunja na kulia humu jikoni mpaka nikaweza." Mimi nilikuwa chumba cha pili na gazeti, nikingoja keki. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini dada yako kwa miaka yote hiyo amemvunja kwa kimoja, na mtaa mzima umekula. Sijui nilioa mtu wa namna gani. Tangu siku ile namtazama akipita na ndoo ya kuku, nastaajabu.

Jumamosi akavaa gauni. Keki niliibeba mimi, yeye kanishika kiwiko, kitambaa cha mama yenu juu, na mapazia yakachungulia kama ilivyo desturi. Ukumbini ikawekwa mezani kati ya keki nyingine. Rozália, mama wa bwana harusi, ambaye macho yake hayakosi kasoro hata ya uzi, akaizunguka.

"Etelka, mbona mistari ya mwaka huu imelewa?"

Nikafungua kinywa kujibu, nikapigwa kiwiko. Etelka akainua mikono yake yote miwili mbele ya watu, ikitetemeka wazi, chini ya taa, bila aproni.

"Imekatwa na hii," akasema. "Itazame vizuri, Rozália, halafu uionje."

Rozália akawa mwekundu, akavuta kiti chake mwenyewe, akamkalisha Etelka karibu na maharusi. Mama mwema, tumemwonea bure miaka hii.

Kisha Boróka na kijana wake wakaja kukata, mkono wa bibi harusi juu ya mkono wa bwana harusi, kisu kimoja kwa wawili, watu wakapiga makofi na kulia kama wanavyolia harusini. Etelka akaniinamia sikioni. "Waone," akasema. "Wanadhani wanakata keki. Ya kwao bado iko kikaangoni." Nikacheka mpaka nikakohoa pombe ya pálinka, na chini ya meza nikamshika mkono. Alikuwa ameuacha tu pale, haufichi tena.

Tumekuwekea pembe moja ya ile sukari ndani ya karatasi ya siagi. Huenda ikafika imeyeyuka na kushikana na bahasha yenyewe, lakini ukiona mstari umepinda, ujue ni wa sisi wawili.

Msalimie sana Ferenc, na Zsófi na watoto wake, na yule mpwa wenu Árpád mwenye mashua. Ilus na Boróka wanawasalimu. Mungu awape afya, meza isiyokauka na mikono ya kushikana mikate inapoungua.

Wako akupendaye,
shemeji yako Gáspár

Nilikuwa nimeshaikunja barua. Etelka amenipokonya kalamu na kuketi mezani. Nilitaka kumshika mkono. Safari hii amekataa.

*Mdogo wangu. Keki ilitoka. Etelka*